Mabao Niliyokuandikia

Ndani ya meli Orville Denham, Ziwa Huron
11 Agosti

Micah mwanangu,

U hali gani huko ugenini? Mimi mzima, ni mgongo tu unaonisumbua, na huo ulinisumbua hata kabla hujazaliwa. Jana tumepakia mawe ya chokaa Rogers City, na wakati wa kutoka nikaiona nyumba yetu. Shangazi yako Dolores alikuwa anaanika mashuka. Nilimpungia taulo la jikoni, hakuniona.

Barua hii nitaiteremsha Detroit kesho kutwa, boti ya posta ikija ubavuni mwetu. Mambo ni yale yale: ndoo inashuka na barua zetu, inapanda na za kwetu kutoka nchi kavu, na meli haisimami. Tumia anwani ya zamani. Najua vijana wenzako wanatumiana ujumbe kabla hata hawajafikiri, ila mimi na wewe simu hatuiwezi. Tukipigiana tunabaki kusikilizana tukipumua, mpaka mmoja wetu aseme "haya basi." Kwenye karatasi angalau unaniambia kitu.

Sasa nisikilize. Wajerumani wamekupa mwaka mmoja kwenye kikosi chao cha pili, na mwezi wa Mei watakuambia ubaki au ufunge virago. Mshambuliaji anapimwa kwa mabao, hilo hata mpishi wa meli kama mimi analijua. Mimi, hata baada ya marehemu mama yako kutuacha, nimekuwa majini kuanzia theluji inapoyeyuka mpaka inaporudi, na wewe miezi hiyo hiyo ndiyo ulikuwa unacheza. Sijawahi kukuona ukifunga hata bao moja. Mabao yako yote nimeyasoma. Lile ulilonichorea ukiwa na miaka tisa, mpira mkubwa kuliko kipa, bado liko ukutani juu ya meza yangu ya kukandia unga.

Pembeni yake nimeacha nafasi na nimechomeka pini nne. Lete bao la Ulaya tulibandike. Watu ishirini na wawili wanakula kwangu mara tatu kwa siku, na wote wanaulizia.

Baba yako,
Gerry Nowicki

*

Lindenrode
2 Septemba

Baba,

Barua yako imefika ikinuka vitunguu. Nimeinusa mara mbili, usimwambie mtu.

Naishi juu kwa Bibi Brinkmann, mjane anayewapangisha chumba wachezaji wa klabu. Jikoni kwake ana picha za vijana saba waliowahi kulala kitandani kwangu. Wawili tu walifika kikosi cha kwanza, na ndio hao wawili anaonionyesha kila siku. Mkali, lakini supu yake ya dengu ungeipenda. Jumapili iliyopita niligonga mpira ukutani kwa gereji, pa, pa, pa, mara majirani watatu wakatoka kwa pamoja. Nilidhani kuna msiba. "Leo Jumapili!" Bibi Brinkmann akaniita ndani: "Kijana, hapa Jumapili watu wanapumzika. Hata ukuta unapumzika." Sasa Jumapili nakaa chumbani nikiutazama huo ukuta dirishani.

Kocha wetu anaitwa Ahlers. Siku ya kwanza aliniambia, "Mbio unazo, subira huna." Kule nyumbani nilikuwa nautupia mpira mbele nakimbia, nani ananishika? Hapa mabeki wanapiga hatua moja mbele, wote wanne kwa pamoja, na mimi nimeotea, niko peke yangu kule na kipa ananicheka. Kwa hiyo Ahlers ananifundisha kwa mkono. Anasimama nyuma yangu, ananishika jezi, na siruhusiwi kukimbia mpaka aachie. Nusu saa kila siku, kama mbwa na mwenyewe.

Lakini sikiliza hili. Jumamosi nimefunga! Dakika ya sabini na mbili. Winga wetu Jannik alipiga krosi ya chini, nikamtangulia beki, nikaugusa kwa mguu wa kushoto, ukapita katikati ya miguu ya kipa. Chomeka pini.

Wako,
Micah

*

Orville Denham, Mto St. Clair
24 Septemba

Micah,

Nimeisomea meza nzima wakati wa chakula cha jioni, nimesimama, na kijiko mkononi. Mzee Haglund wa mashine, ambaye hajawahi kusifia kitu chochote tangu nimjue, alisema, "Kwa mguu wa kushoto?" Nikamwambia ndiyo, wa kushoto. Akaomba kipande cha pili cha pai.

Denise, msaidizi wa nahodha, ndiye anayejua mpira hapa, binti yake anacheza. Anasema kumpitishia kipa mpira miguuni ni ubaya wa makusudi. Tumecheka sana. Barua iko ukutani, pini zote nne.

Lete nyingine. Nitatafuta pini zaidi.

Baba

*

Lindenrode
18 Oktoba
[Barua hii haikutumwa]

Baba,

Sijafunga.

Lile bao la Agosti halikuwepo. Dakika ya sabini na mbili nilikuwa benchi nimevaa koti. Mpaka leo nimecheza dakika thelathini na nne kwa jumla, na katika hizo nimegusa mpira mara tano na kuotea mara sita. Naotea kuliko ninavyogusa mpira, hiyo hata Ahlers hajawahi kuiona.

Jannik akiinua kichwa ananiona. Najua ananiona, macho yetu yanakutana, halafu anampa mwingine. Nikiingia chumba cha kubadilishia nguo wanapunguza sauti. Lugha yao naielewa nusu, na ile nusu ninayoielewa hainihusu. Leo nimehesabu maneno niliyosema tangu asubuhi hadi sasa. Kumi na moja, na manne kati ya hayo ni "asante."

Septemba nilikaa nikaandika "sijafunga", kisha nikauona ukuta wako. Nikakuona umesimama mbele ya zile pini. Tangu nikiwa mdogo ukirudi Januari jambo la kwanza ni "nisomee mabao", na siku niliyokuwa sina bao sikujua nikuambie nini kingine. Basi nikatunga. Ilikuwa rahisi mno, na hilo linanitisha.

Niko mpweke, Baba. Sijui neno jingine.

M.

*

Lindenrode
18 Oktoba

Baba,

Haraka haraka, naenda mazoezini. Nimefunga jingine! Kwa kichwa, kona, mvua kubwa. Wenzangu walinirukia mpaka nikakosa pumzi. Huku kumeanza kuwa na baridi. Msalimie Haglund na Denise.

Micah

*

Orville Denham, tumetia nanga Ghuba ya Whitefish
14 Novemba

Mwanangu,

Tumejificha hapa siku ya tatu tunangoja upepo utulie. Jana sufuria la supu lilitembea lenyewe kutoka jiko hadi mlangoni, na mimi nyuma yake. Ziwa Superior mwezi huu halina masihara.

Tarehe tisa nilioka keki yako kama kila mwaka. Umetimiza kumi na tisa. Tangu uzaliwe ni mara moja tu nimekuwa nawe siku hiyo, na ulikuwa na wiki mbili za surua, hukuonja chochote. Kwa hiyo keki yako imeliwa na mabaharia miaka yote hii. Nikiileta mezani wanajua: leo mtoto wa Gerry. Wanakuimbia vibaya sana.

Safari hii usiniandikie mpira. Mpira nimeshiba. Niambie siku yako ya kuzaliwa ulikula nini. Niambie uliketi na nani.

Baba yako

*

Lindenrode
27 Novemba

Baba,

Umeuliza, basi nakuambia.

Tarehe tisa niliamka nikijua kuna kitu wamenipangia. Nyumbani timu ingekuwa imeshaweka keki kwenye kabati langu, ingekuwa imenimwagia maji. Bibi Brinkmann alinipa mkono na soksi za sufi, nzuri. Nikaenda mazoezini. Ni kweli walijua, maana mmoja mmoja walikuja kunipa mkono: hongera, hongera. Halafu wakakaa. Wakaniangalia. Nami nikawaangalia. Jannik akasema, "Haya, keki iko wapi?" Wote wakacheka.

Mimi ndiye wa kuulizwa? Hawakuninunulia hata mkate, halafu wananidhihaki mbele ya watu. Nilivaa vipokea sauti vyangu masikioni nikafunga viatu. Mazoezini hakuna aliyenipa mpira, hata kwa bahati mbaya.

Jioni niliketi na soksi. Nilikula viazi.

Usimwambie shangazi. Yeye akinipigia huwa anauliza nimekula, nami husema ndiyo, na huo si uongo.

Micah

*

Orville Denham, tunashuka kwenda Toledo
16 Desemba

Micah mwanangu,

Kaa chini kwanza, maana nimecheka, na baada ya kucheka nimeumia.

Niliisoma barua yako mezani, nikitumaini wenzangu watakutukania hao Wajerumani. Walikutukania vizuri tu. Denise alitumia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Lakini Haglund, na hili wewe hulijui, alikuwa askari wa Marekani kule Ujerumani miaka minne, na nusura aoe huko. Akaweka uma chini. Akasema, "Huyo mtoto ndiye aliyetakiwa kuleta keki."

Nikamwambia, "Haglund, ni siku yake yeye."

"Ndiyo. Na huko mwenye siku ndiye anayewalisha wenzake. Walimngoja. Aliwaangusha yeye, hawakumwangusha wao. Mimi mwenyewe nilikaa kambini mwaka mzima Wajerumani niliofanya nao kazi hawanisemeshi kwa ajili ya keki."

"Kwa nini hukuwahi kutuambia?"

"Hakuna aliyeniuliza. Na wewe, Gerry, si unatulisha keki ya mwanao kila Novemba? Nilidhani unajua."

Miaka kumi na tisa nimekuwa nikifanya mambo kama Mjerumani bila kujua, na mwanangu aliye Ujerumani kweli nikamwacha aende mikono mitupu. Nisamehe. Ningekuwa baba wa kukaa nyumbani pengine ningekuwa nimekufundisha kuoka, na ungeoka tu kwa upweke.

Sasa fanya hivi. Dolores atakutumia kifurushi cha cheri kavu za kwetu. Vikombe viwili vya unga, kimoja cha sukari, nusu ya siagi, mayai matatu, kikombe cha maziwa yaliyochachuka, cheri mikono miwili. Joto digrii 350, dakika hamsini. Wapelekee.

Baba

*

Lindenrode
12 Januari

Baba,

Krismasi Bibi Brinkmann alikwenda kwa binti yake, nikabaki na nyumba. Ligi imesimama, kumefungwa kila mahali. Siku tatu sikutoa sauti, mpaka duka lilipofunguliwa nikamwomba mhudumu mkate.

Cheri zimefika. Nimezila nusu.

Kuhusu keki, hapana. Imepita miezi miwili. Nikiingia nayo sasa nitaonekana mjinga mara mbili. Tena tatizo langu si keki, tatizo ni kwamba hawanitaki. Mshambuliaji asiyepewa mpira afanye nini, aende kuuchukua kwa mwamuzi?

Mwambie Haglund asante.

Micah

*

Lindenrode
20 Februari

Baba,

Nimeoka.

Kwanza nimekaribia kumchomea Bibi Brinkmann nyumba. Umesema 350. Jiko lake linaishia 250, nikalizungusha mpaka mwisho, nikaona litafidia kwa muda. Nusu saa baadaye tukawa hatuonani kwa moshi. "We kijana! Unaoka keki au matofali?" Nikamwonyesha barua yako. Akavaa miwani, akasoma ile namba, akakaa chini akicheka na aproni usoni. "Digrii za kwenu si za kwetu! Sema mia na themanini! Baba yako ataniua!" Sijawahi kumsikia akicheka. Tukaanza upya wote wawili, kwa zile cheri zilizobaki. Nikamwambia habari zako na za ndoo. Akataka nimchoree.

Asubuhi niliingia nayo chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa nimekariri sentensi moja kwa lugha yao: nilizaliwa Novemba, nimechelewa. Jannik akasimama, nikajua sasa nachekwa. Akasema, "Hatimaye! Miezi mitatu tunangoja, bwana. Tulisema huyu Mmarekani bahili kweli kweli."

Beki wetu wa kati akamkatiza: "Nani alisema bahili? Mimi nilisema anajisikia."

"Tulikuuliza iko wapi," Jannik akaniambia, "ukatutazama kama tumekutukania mama, ukaziba masikio."

Nikawaeleza kwamba kwetu ni wao waliotakiwa kuileta. Hawakuamini. "Yaani unakaa tu, unaletewa? Kama mfalme?" Wakaanza kuniita Mfalme. Keki ikaisha kabla Ahlers hajaingia, akala makombo kwa kidole.

Sikudanganyi nikuambie tangu siku hiyo napewa mpira kila mara. Jana mazoezini Jannik aliinua kichwa, akaniona, akanipa. Nilikuwa nimeotea. Lakini alinipa.

Na kwa kuwa nimesema sikudanganyi, ndani ya bahasha hii utakuta barua ya Oktoba ambayo sikuituma. Isome peke yako. Mabao yale mawili sikuyafunga, Baba. Sijafunga hata moja tangu nije huku. Tafadhali ibandue ile barua ukutani, na uwaambie Haglund na Denise utakavyoona. Nimeona haya mpaka siwezi kuandika zaidi.

Micah

*

Rogers City
6 Machi

Mwanangu,

Niko nyumbani, meli imelala bandarini mpaka mwisho wa mwezi. Ziwa limeganda, Dolores yuko kanisani, na mimi nimesoma barua yako ya Oktoba mara tatu nikiwa nimesimama.

Nilijua.

Denise alitazama matokeo kwenye simu yake mwanzoni mwa Oktoba, alitaka kujua mmeshika nafasi ya ngapi. Akaja jikoni akafunga mlango. Akasema, "Gerry, jina lake halimo." Nikamwambia wamesahau kuliandika. Akasema sawa. Kesho yake nikamwomba atazame tena, na tena halikuwemo. Ile ya pili ilipofika, ya kichwa na mvua, niliisoma peke yangu, nikawaambia wenzangu hakuna barua. Nao wakala kimya, kwa hiyo nadhani walijua pia.

Hukujiuliza kwa nini Novemba nilikuambia usiniandikie mpira? Sikuweza kukuuliza lingine ukatunga tena. Na sikuthubutu kusema najua, kwa sababu niliogopa ungeacha kuandika kabisa. Kwa hiyo tulikuwa wawili tunaodanganyana, na mimi ndiye mtu mzima.

Uongo ni wako, siupunguzi. Lakini miaka yote ile nikirudi Januari nilikuwa nakuuliza mabao tu. Sikukuuliza kama una rafiki. Sikukuuliza kama unalia. Nilikuwa mgeni nyumbani kwangu, sikujua pa kuanzia, na bao lilikuwa rahisi. Ukajifunza kwamba bila bao huna la kumwambia baba yako. Ulijifunza kwangu, na naumia nalo sana.

Kuhusu ukuta, hayo niachie mimi.

Nakuomba jambo moja. Mpaka Mei niandikie yaliyotokea, hata kama hakuna kilichotokea. Andika "leo nimekaa benchi, kulikuwa na upepo." Nitaisoma yote.

Baba yako,
Gerry

*

Lindenrode
19 Mei

Baba,

Umepata zangu zote za benchi na upepo, sasa hii ni ndefu kidogo.

Jumamosi ilikuwa mechi ya mwisho. Watu kama mia nne, jua, mbwa mmoja alikuwa anabweka nyuma ya goli. Tulikuwa sare, moja kwa moja. Ahlers aliniingiza dakika ya sitini na tano. Alinishika tu jezi kwa nyuma pale mstarini, akaachia.

Dakika ya themanini na moja Jannik alipata mpira kulia. Akainua kichwa. Zamani ningekuwa nimeshaondoka. Safari hii nilisimama. Nilisimama mpaka nikasikia vibaya mgongoni, kana kwamba bado kuna mtu amenishika, na mabeki wakapiga ile hatua yao, nami nikasubiri tena kidogo. Kisha nikaenda. Mpira ulikuja mbele yangu, kipa akatoka, nikauinua juu yake kwa mguu wa kulia. Wa kulia, mwambie Haglund. Uligonga chini mara moja na ukaingia.

Nilikimbilia kwenye uzio. Sijui nilikuwa namkimbilia nani, nikafika pale nikakuta mzee mmoja anakula soseji. Akanikumbatia, soseji na yote. Niligeuka kuwatafuta wenzangu, wakawa wamesimama, mikono kichwani. Mshika kibendera alikuwa ameinua.

Tukamaliza sare. Ahlers alinijia kwenye ngazi. Nikamwuliza, "Niliotea kweli?" Akasema, "Ndiyo. Kwa urefu wa kiatu." Akaondoka hatua mbili, akarudi. "Agosti ulikuwa unaotea kwa mita tatu."

Jumatatu waliniita ofisini. Hawaniongezi. Waliongea kwa upole, wakanipa maji, wakanishukuru. Nilivumilia mpaka kwenye baiskeli.

Jannik ana klabu yake ya utotoni mji wa jirani, Osterwede, daraja la tano, wanafanya mazoezi jioni baada ya kazi. Amewaambia kuna Mmarekani mmoja ambaye karibu ameiva. Wamesema nije. Kuna tanuri la mikate huko linataka mtu wa asubuhi, na nimewaambia baba yangu ni mpishi, nikaongezea chumvi kidogo, lakini hiyo tu.

Ningeweza kurudi nyumbani. Nimekaa na wazo hilo siku mbili nzima. Jumapili bado ni ndefu, na bado kuna siku maneno yangu hayafiki ishirini. Lakini nikirudi sasa, ile subira ya nusu hatua niliyojifunza nitaipeleka wapi? Nabaki. Bibi Brinkmann amenipa chombo chake cha kuokea, akasema Novemba nitakihitaji.

Hilo ndilo bao langu pekee la Ulaya, na halihesabiwi. Ukitazama kwenye simu ya Denise utaona 1–1, jina langu halimo. Ila hili nimelifunga kweli.

Wako,
Micah

*

Orville Denham, Mto Detroit
5 Juni

Micah,

Ndoo imepanda saa nne asubuhi, na barua yako juu kabisa. Sikungoja chakula cha jioni. Niliwaita waje wasikie, na mayai yakaungua.

Denise anasema mshika kibendera alikuwa na jua machoni. Haglund anasema kiatu ni kiatu, sheria ni sheria, wameotea hata walio bora kuliko wewe. Wamegombana mpaka saa sita. Walipoondoka Haglund akabaki mlangoni. "Kwa mguu wa kulia?" Nikamwambia ndiyo. Akaenda kwenye mashine zake.

Naumia kwamba hawakukuongeza. Ningependa ungekuwa nyumbani, nakuambia wazi, maana Januari nyumba ile ni kubwa kwangu na Dolores. Lakini baki. Umechagua kama mtu mzima, nami sikukatazi.

Sasa habari za ukuta. Ile barua yako ya kwanza niliibandua Oktoba, siku ileile aliyofunga Denise mlango. Niliiweka na ya pili kwenye droo ya visu, chini. Pini sikuzing'oa. Miezi yote hii zimekuwa pale pembeni ya mchoro wako, nne, hazijashika kitu, na kila aliyekuja kuomba kahawa alizitazama na hakuniuliza.

Leo zimeshika.

Baba yako